Somo: Kulinganisha kimo na urefu wa mikono darasani (soma lote ndipo uulize)

Kila muhula naulizwa jambo lilelile: "Mbona vipimo vya darasa langu havieleweki?" Nikiuliza walipimaje, karibu kila mara tatizo linaonekana hapohapo. Naandika mara moja, mnaokuja nyuma msome.

1. Chagueni swali moja. Mfano: je, kimo cha mtoto hulingana na urefu wa mikono yake ikinyooshwa pembeni, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole?

2. Ombeni ruhusa kwa wazazi. Kwenye jedwali andikeni namba badala ya majina. Uzito msipime, swali hili haliuhitaji, na yupo mtoto atakayetaniwa nao mwaka mzima.

3. Viatu vivuliwe, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe.

4. Kimo. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, someni polepole. Ukuta wenye ubao chini husukuma visigino mbele, mtoto akaegemea nyuma; tafuteni ulio wazi. Angalieni sifuri: kwenye rula nyingi haianzii ukingoni kabisa, kuna nafasi ya milimita kadhaa. Ukiisimamisha sakafuni hivyohivyo, kila mtoto anatoka mfupi kuliko alivyo, na darasa zima linahitimisha kwamba mikono ni mirefu kuliko kimo. Mtoto atazame mbele, ukingo wa chini wa jicho uwe usawa mmoja na tundu la sikio, asiinue kidevu. Kitabu chenye jalada gumu kikae kichwani na kibanwe ukutani, pembemraba. Anayesoma namba alinganishe macho yake na kitabu, hata ikibidi apande kwenye kiti.

Kisha, TAFADHALI: kila mtoto apimwe na watu wawili, wa pili asione namba ya wa kwanza. Wakipishana zaidi ya sentimita 1, wapime upya. Mpishano huo ndio unaowaambia mziamini namba zenu kwa kiasi gani.

5. Mikono: mgongo ukutani, mikono usawa wa mabega, kidole kirefu cha upande mmoja kiguse kona ya chumba.

6. Chora grafu ya nukta, kimo mlalo, mikono wima. Ongeza mstari wa pale vipimo viwili vinapolingana, uone nukta zinakaa upande gani.

MASWALI

Wastani wa kimo na wa mikono umetoka sawa. Si nimethibitisha?

Hapana. Wastani unaweza kulingana huku kila mtoto akitofautiana. Tafuta tofauti ya mtoto mmoja mmoja kwanza.

Mwalimu, wasichana wangu wa miaka 11 wamewapita wavulana. Tumekosea wapi?

Hamjakosea, na umefanya vizuri kuliona hilo. Wasichana huanza kurefuka kwa kasi takriban miaka 2 kabla ya wavulana, kwa hiyo katika umri huo mara nyingi huwa mbele. Tena nyayo na miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata. Andikeni umri kwa miezi: aliyetimiza 10 juzi na anayekaribia 11 wote huandikwa "10", kumbe wako mbali.

Naomba jedwali lililojazwa tayari, hatuna muda.

Sitoi. Wapimeni watoto.

Nukta moja ilikuwa mbali na zote, nimeifuta na grafu imependeza.

Irudishe. Mpime upya mtoto huyo. Namba ikibaki ileile, nukta inabaki. Leonardo da Vinci, mnamo 1490 hivi, alichora mtu anayeenea sawasawa ndani ya mraba, kimo na mikono vikilingana. Alikuwa akifuata vipimo vya umbo kamilifu vya Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale. Watoto wako wana maumbo yao.

Nusu ya darasa tulipima asubuhi, nusu alasiri. Kuna shida?

Ipo. Mtu huwa mrefu zaidi akiamka, kwa takriban sentimita 1, kwa sababu gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubonyea mchana kutwa. Ukipenda, fanyeni uchunguzi wa pili: watoto walewale, mara tu wafikapo shule na kabla hawajaondoka. Lakini wapimaji wenu wakipishana sentimita nzima, hamtaiona tofauti hiyo, kwa hiyo rudini hatua ya 4 kwanza.

Futi ya fundi cherehani inafaa?

Inafaa, ila ya kitambaa hulegea ikizeeka. Ilaze kando ya rula ya chuma kabla ya kuanza.