Jinsi ya kumtambua nondo wa nafaka kwenye mtama wa ghalani

Nimetoka kumsaidia mkulima wa Kongwa, Dodoma, ambaye kila akifungua gunia la mtama, vinaruka vidudu vyenye mabawa. Alishaambiwa ni dumuzi, akauziwa dawa. Dumuzi ni mbawakawa mgumu. Hawa ni nondo, na unaweza kuwatambua mwenyewe nyumbani.

1. Mkamate kwa chupa angavu, uiweke kwenye friza usiku kucha. Usimpulizie dawa, mabawa yatalowa na kugandamana.

2. Mtazame akiwa amekunja mabawa. Ni mwembamba, urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya manjano iliyopauka. Ukiona nusu ya mbele ya bawa imepauka na nusu ya nyuma ina wekundu wa shaba, huyo ni nondo mwingine.

3. Fungua bawa la nyuma. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye jibu. Usimguse kwa kidole kabisa: ule unga unaobaki mkononi ni magamba ya bawa, na nywele za pindoni hutoka nao, ukabaki huna cha kutambulia. Mlaze juu ya karatasi nyeusi, maana kwenye nyeupe nywele hazionekani. Chukua sindano ya kushonea, anzia shinani mwa bawa la mbele, lisukume taratibu kuelekea kichwani. Likigoma, acha. Kiangazi cha Dodoma hukausha mdudu upesi na atavunjika. Mweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na pamba iliyoloweshwa maji kidogo, mdudu mwenyewe asiguse maji, hadi kesho yake, atalainika. Kisha tumia lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Siipendi kamera ya simu peke yake, hung'ang'ania karatasi na kumwacha mdudu ukungu. Bawa la nyuma ni la kijivu, ncha yake imechongoka ghafla kama kidole kinachoonyesha njia, na nywele za pindoni ni ndefu kuliko upana wa bawa lenyewe. Huyo ndiye nondo wa nafaka, kwa jina la kisayansi Sitotroga cerealella.

4. Hakikisha kwenye punje. Chota juu ya gunia, kwani nondo hapenyi chini. Tafuta tundu la mviringo, pengine bado lina kifuniko chembamba cha ganda. Unga mwingi ni dalili ya dumuzi. Punje zilizoshikana kwa utando ni kazi ya nondo wengine, kwa sababu kiwavi wa huyu hukulia ndani ya punje.

5. Anika mtama ukauke vizuri, ufunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Msimu ujao vuna mara unapokomaa, kwani nondo huyu huanza kutaga shambani.