Jinsi ya kuchora ramani ya mifongo na vihamba vya Kilimanjaro

Mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, hauonekani vizuri kutoka angani. Mara nyingi upana wake haufiki mita moja, migomba na kahawa vimeufunika, na picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10. Kwa hiyo kazi hii ni ya miguu kwanza, kompyuta baadaye. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo wa kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011, lakini mbinu ni ileile popote penye mfongo.

Hatua ya 1: Ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo, basi anzia hapo. Tamka mapema kwamba hupimi mipaka ya watu. Ukionekana na GPS karibu na masale yaliyopandwa mpakani, habari itazunguka kijiji kizima kabla hujamaliza kunywa maji. Masale yaache, usiyarekodi.

Hatua ya 2: Msingi wa ramani. Fungua mradi kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kwa mfumo wa majira wa UTM 37 Kusini, WGS 84 (namba yake ya EPSG ni 32737), kisha uhamishie QField, programu mwenzake ya simu. Ramani nyingi za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira. Ukizipachika kama WGS 84, kila kitu kitasogea kama mita 300, na kwa mabonde ya huku hiyo inatosha kuhamishia mfongo mto mwingine. Zipe EPSG 21037.

Hatua ya 3: Anzia banioni. Panda na mwenyekiti wa mfongo hadi maji yanapochepushwa: mawe, magogo, udongo na majani ya migomba yaliyoshindiliwa. Kisha shuka ukifuata maji, ukichukua pointi kwenye kila mgawanyo, bwawa la kulaza maji ya usiku (Upareni huitwa ndiva), sehemu inayovuja na kila bomba. Chini ya migomba GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, hivyo simama dakika mbili kwenye mgawanyo, upate wastani.

Jioni linganisha mstari na kontua. Maji hayapandi mlima. Mstari wako ukipanda, GPS imekosea au umefuata njia ya ng'ombe.

Hatua ya 4: Andika zamu. Hapa ndipo wapimaji wengi huishia njiani, na kwangu hapa ndipo penye urithi wenyewe. Mstari usio na zamu ni mtaro tu. Kwa kila mfongo jaza: ukoo uliouchimba, nani anafungua maji siku gani, msaragambo (kazi ya pamoja) wa kusafisha hufanyika lini, na asiyekuja hutozwa nini. Usimwulize mzee "una miaka mingapi mfongo huu?" Mwamkie, kaa, muulize kama ulikuwepo kabla Mangi Meli, mtawala wa Moshi, hajanyongwa na Wajerumani mwaka 1900, au KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilipoanza mwaka 1933. Majibu mawili ya namna hiyo yana thamani kuliko tarakimu ya kubahatisha. Ongea na akina mama pia: wao ndio wanajua maji hukatika saa ngapi.

Hatua ya 5: Hali yake. Rangi tatu zinatosha: unatiririka mwaka mzima, wa msimu, umekufa. Uliokufa uchore pia, pamoja na sababu: vijana wamehamia mjini, kahawa imeng'olewa, barabara imeukata.

Hatua ya 6: Rudisha ramani. Chapisha karatasi ya A1, itandike kwenye kikao, wagawie wazee kalamu nyekundu. Watabishana, andika pande zote mbili. Maeneo ya matambiko yakitajwa, yaweke leya tofauti isiyotoka kijijini. Nakala iliyosahihishwa ibaki ofisi ya kijiji: ndiyo itakayoonyesha banio la kuimarishwa kwanza, na kamati ikienda Bodi ya Maji Bonde la Pangani kuhusu kibali cha maji, iende nayo. Masika yakiisha, tembea tena mabanio yote, maana mafuriko huyahamisha.