Jinsi ya kujua kampuni ya spea ilinunuliwa na nani, kabla hujamwambia mteja "haipo"

Mafundi wengi hapa Dodoma wakikuta jina la kizamani kwenye spea ya elektroniki ndani ya bodi, labda Siliconix au Telefunken, jibu linakuwa moja tu, "hiyo kampuni ilishakufa, spea hamna", mteja anabeba redio yake anaondoka. Kampuni za spea mara nyingi hazifi hivihivi aisee, zinamezwa, na aliyemeza anaendelea kutoa vitu vilevile kwa namba zilezile au anatoa mbadala wake. Kwahiyo kazi yako ni kufuatilia mirathi imeangukia kwa nani. Ntatumia mfano wa Vishay, kampuni ya spea za elektroniki, maana hawa jamaa wamemeza kweli kweli.

Ilianza 1962 kule Pennsylvania, Marekani. Mwanzilishi ni Felix Zandman, Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye wakati wa vita ya pili ya dunia alifichwa kwenye shimo chini ya nyumba ya watu kwa miezi 17, akatoka hai, akaenda kusoma Ufaransa, afu ndo Marekani. Mtaji alipewa na ndugu yake, Alfred Slaner. Walianza na rizista (spea za kuzuia umeme usipite wote) za foili, yaani metali nyembamba kama karatasi, ambazo thamani yake haiyumbi joto likipanda au kushuka, basi. Kuanzia 1985 wakaanza kununua wenzao: Dale mwaka huohuo, Draloric 1987, Sprague 1992, Roederstein 1993, 1998 wakachukua semikondakta (spea kama transista na dayodi) za Telefunken pamoja na hisa nyingi za Siliconix, 2001 General Semiconductor, na 2002 BCcomponents ambayo ndo zile kapasita na rizista za Philips za zamani. Andika hayo majina ubandike ukutani kwenye meza yako ya kazi, yatakuokoa sana.

Sasa tuje kwenye kazi. Nakili maandishi yote yaliyo kwenye spea, yaani kila herufi, usiishie kwenye namba. Mfano mosfeti, yaani transista za kuwasha na kuzima umeme, za kwenye inveta: kuna IRFZ44 na kuna IRFZ44N, watu wanaona ni kitu kimoja. Zote zilikuwa za International Rectifier, ila 2007 Vishay alinunua sehemu ya ile biashara, kilichobaki kikaenda kwa Infineon mwaka 2015. Ndo maana leo IRFZ44 isiyo na N datashiti yake (karatasi ya vipimo vya spea) iko Vishay, 60V na upinzani wa 0.028 ohm ikiwa imewaka, wakati yenye N iko Infineon, 55V na 0.0175 ohm. IRF540 na IRF540N hadithi ni hiyohiyo. Ukichanganya hizo mbili kwenye inveta moja zikiwa zimepangwa sambamba, yenye upinzani mdogo inabeba mzigo mkubwa zaidi na ndo itatangulia kuungua, afu unalaumu betri.

Ukishamjua mrithi nenda kwenye tovuti yake mwenyewe, tafuta namba, angalia kama bado inatengenezwa. Kama imesimamishwa tafuta mbadala, hapa kuwa makini. Chukua jicho la rimoti la kwenye TV, TSOP1738, asili yake upande wa Telefunken. Haitengenezwi tena, ila Vishay wana TSOP38238, nayo ni ya 38 kHz, inafanya kazi ileile, lakini miguu haijapangwa sawa! Ya zamani ni ardhi, umeme, mawimbi ya kutoka, mpya inaanza na ya kutoka, kisha ardhi, kisha umeme. Ukiichomeka kama ilivyo umegeuza umeme, imekufa hapohapo. Datashiti zote mbili ziwe mbele yako kabla hujashika pasi ya kulehemu.

Historia inasaidia pia kukamata feki, maana mzigo mwingi unatoka Kariakoo na huwezi kuushika mpaka ufike kwa basi. Angalia tarehe iliyochapwa, mara nyingi ni tarakimu nne, 0412 ni wiki ya 12 ya mwaka 2004. Jina jipya haliwezi kurudi nyuma: Philips walitenga kitengo chao cha semikondakta mwaka 2006 kikawa kampuni ya NXP, kwahiyo spea yenye nembo ya NXP na tarehe ya 2004 mrudishie mwenye duka. Kinyume chake hakithibitishi kitu lakini, nembo ya zamani inaweza kuendelea kuchapwa muda baada ya kampuni kununuliwa, usije ukagombana na mtu bure. Na kuna makampuni yanaandika tarehe kwa mtindo wao, hapo soma kwanza.

Ah, na wale mnaotengeneza mizani ya kielektroniki pale soko la mahindi Kibaigwa, nyie msitafute Vishay. Vile vihisi vya kupima uzito pamoja na zile rizista za foili walizoanzia zilitengwa 2010, zikawa kampuni inayojitegemea, Vishay Precision Group, na datashiti zake ziko kwenye tovuti yao wenyewe.