Fundi, hii TV haili umeme? Jinsi ya kujua bila kumuuliza muuzaji

Hapa Mbagala mteja wa TV anaanza kwa kugeuza mgongo wa mzigo, anaona ulivyo mwembamba, anaridhika, halafu ndiyo anauliza: "Fundi, hii haili umeme?" Muuzaji atajibu haili, hata kama anauza plazma ya inchi 42 yenye kuchemka kama pasi. Mimi natengeneza TV na kuuza chache za mtumba, kwa hiyo na mimi ni muuzaji. Usinisikilize mdomo, pima.

Wanaoniuliza hawana nia moja. Mama aliyepanga nyumba yenye LUKU moja na wapangaji wanne anataka tu wenzake wasimnyooshee kidole uniti zikiisha. Vijana wa chuo wanataja mazingira, na wanamaanisha. Mzee mmoja mtaani kwetu aliwasikia akasema, "Mazingira hayajawahi kuninunulia LUKU." Wote wana haki yao, ila karibu wote wanaangalia mahali pasipo.

Anza na kibandiko cha mgongoni. Tafuta namba inayofuatwa na herufi W. Hiyo kwa kawaida ni wati za juu kabisa ambazo TV inaweza kuvuta, mwanga juu, sauti juu. Ikiandikwa 65, kwenye kuangalia taarifa ya habari itavuta pungufu ya hapo. Kwa makadirio ya benchi langu, LED ya inchi 32 hucheza kati ya wati 30 na 50, ya inchi 43 kati ya 60 na 90, na ya inchi 55 inaweza kupita 100. TV chogo ya inchi 21 ilikuwa inakula wati 70 hadi 100 kwa kioo kidogo namna ile. Plazma ndiyo mlafi: 200 kwenda juu. Ukiona ya bei ya kutupa, nene kidogo, nzito kuliko inavyoonekana, na kioo chake ni kioo kweli ukikigonga, jua ndiyo hiyo.

Mitumba ya Ulaya huja na kibandiko cha rangi chenye herufi. Tangu Machi 2021 kule wanatumia A mpaka G, na TV nyingi ziko F na G. Mteja akiona G anarudi nyuma. Tulia. Herufi ile inapima ulaji ukilinganisha na ukubwa wa kioo, kwa hiyo inchi 65 yenye herufi nzuri inaweza kula zaidi ya inchi 32 yenye G. Soma namba iliyo chini yake, ile ya kWh, yaani uniti, kwa saa 1,000. Ikiwa 45, basi TV inavuta wati 45. Ukubwa ndio unaoamua: kioo cha inchi 55 kina eneo zaidi ya mara moja na nusu ya kile cha inchi 43, na eneo lote hilo linataka kuangazwa.

Kupima mwenyewe nyumbani hakuhitaji kifaa. Nenda kwenye mita, siyo kile kidude cha kuingizia namba. Usoni pameandikwa imp/kWh na namba, mara nyingi 1000 au 1600. Chomoa kila kitu nyumba nzima, friji na chaja za simu zikiwemo, acha TV peke yake. Sasa tazama kitaa chekundu na uhesabu sekunde kutoka kinapowaka hadi kinapowaka tena. Mita ikiwa ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Ikiwa ya 1600, gawa 2,250. Sekunde 90 kwenye mita ya 1000 ni wati 40. Kama mita yenu iko juu ya nguzo, soma uniti zilizobaki, angalia TV peke yake jioni nzima, kisha usome tena. Wapangaji wenzako watalalamika kidogo.

Sasa pesa, maana hapa ndipo maneno mengi ya dukani yanapokufa. Chukua TV mbili, moja wati 40 na nyingine 80, zote zinawashwa saa tano kwa siku. Kwa mwezi tofauti ni uniti 6. Kwa bei za TANESCO zilizopangwa 2016, mteja wa kawaida analipa shilingi 292 kwa uniti, ambayo ukiweka kodi na tozo inakuwa kama 356. Uniti 6 ni shilingi 2,136. Ukiambiwa uongeze laki moja kwa sababu TV "inabana umeme", itakuchukua karibu miaka minne kuirudisha. Mwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, yaani shilingi 100 kabla ya kodi, atasubiri zaidi ya miaka kumi na moja. Kwake hesabu ni nyingine: kila uniti inayovuka 75 inapigwa 350, na akizidisha mara kwa mara anaweza kuhamishwa kundi. Huyo ndiye ningemshauri ajali uniti 6, siyo mwenye friji mbili na hita ya maji bafuni.

Kitu ambacho hakuna anayeniuliza ni king'amuzi. Watu wanazima TV kwa rimoti, king'amuzi kinabaki na kitaa chake, wanalala. Ving'amuzi vingi vikizimwa hivyo huendelea kuvuta karibu sawasawa na vikiwa kazini. Cha wati 10, usiku na mchana, kinamaliza uniti 7.2 kwa mwezi. TV ya wati 40 kwa saa tano kila siku ni uniti 6. Yaani kiboksi kimeishinda TV! Nunua ekstensheni yenye swichi, chomeka vyote viwili pamoja na sabufa, na anayekwenda kulala wa mwisho abonyeze. Zile TV za kisasa zina kipengele cha kuwaka haraka, kimeandikwa Quick Start. Kizime, kinaifanya ikeshe macho.

Halafu mwanga. TV ikitoka kiwandani au kwenye rafu ya duka huwa imewekwa Vivid au Dynamic, na mitumba mingine bado iko kwenye hali ya maonyesho ya dukani. Badili iwe ya nyumbani, chagua Standard au Movie, kisha tafuta Backlight na uishushe kutoka 100 hadi 50 au 60. Usishushe Brightness ukadhani umemaliza. Kwenye TV nyingi hiyo inageuza weusi wa picha tu, taa za nyuma zinaendelea kuwaka vilevile. Ukishusha Backlight, rudi kwenye mita uhesabu tena, utaona sekunde zimeongezeka.

Hapa naharibu biashara yangu. Ugonjwa unaoniletea wateja wengi ni sauti ipo, picha hakuna. Ni stripu za taa za nyuma zimeungua, na zinaungua kwa kuendeshwa kwa nguvu zote miaka yote. Aliyeshusha mwanga anakula umeme kidogo na stripu zake zinadumu.

Na kwa wale vijana wa mazingira, hapo ndipo penye uzito. Umeme wa gridi yetu ni maji na gesi: Mtera, Kidatu, sasa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 pale Rufiji, pamoja na gesi ya Songo Songo inayochomwa hapa Dar. Uniti 6 zina faida yake, hasa mwaka wa ukame. Lakini TV imeshakula nishati, shaba na kemikali kiwandani kabla hujaichomeka. Ukitupa nzima ununue ya herufi nzuri, umeongeza taka ili uokoe elfu mbili kwa mwezi. Isipokuwa una plazma, au unatumia sola. Kwenye sola kila wati ni betri: betri ya Ah 100 ya volti 12 unayoitumia nusu ina wati 600 za saa moja. TV na king'amuzi vya wati 52 vitakaa kama saa kumi ukitoa kinachopotea njiani, plazma haifiki hata saa tatu. Huko nunua TV ya volti 12 moja kwa moja, uepuke kinachopotea kwenye inveta.

Chogo iliyokufa usiivunje kutafuta shaba. Kioo chake kina madini ya risasi, na bapa za zamani zenye taa za mirija zina zebaki. Mpe fundi achomoe vipuri. Na unaponunua mtumba, usikubali bila rimoti yake, maana nyingine bila rimoti huwezi kuufikia huo mwanga uushushe.