Kutazama Ndege katika Mbuga ya Amboseli
Ingia mara lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anzia kwenye kinamasi cha Enkongo Narok, kinacholishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na usimamishe gari pale tembo wanapokula, kwa sababu yangeyange huwafuata karibu ili wadake wadudu wanaofurushwa na nyayo zao. Zima injini, kisha elekeza darubini kwenye majani yaeleayo, ambako ndege wa rangi ya hudhurungi mwenye paji la buluu na vidole virefu ajabu hutembea bila kuzama. Kwenye nyasi kavu mtafute karani tamba, ambaye huwaua nyoka kwa mateke. Usishuke garini ila mahali panaporuhusiwa, kama Kilima cha Noomotio.