Kuingia kwenye akaunti ya hostingi kwa SSH, bila kutumiana nenosiri kwa WhatsApp

Tovuti nyingi za biashara ndogo hapa kwetu zina watu kadhaa nyuma yake: mwenye duka, fundi aliyeijenga, na kijana anayebadilisha picha na bei. Wote wanatumia nenosiri moja la cPanel (ukurasa wa kusimamia akaunti ya hostingi), nalo limelala kwenye WhatsApp tangu siku tovuti ilipowashwa. Fundi akiondoka, analo. Simu ikiibwa, mwizi analo. Mwongozo huu ni wa kuachana na mtindo huo: kila mtu aingie kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kwa ufunguo wake, na siku akiondoka ufutwe wake tu.

SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa, ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo hicho. Enzi hizo watu waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa Telnet, inayopitisha kila herufi waziwazi. FTP ya kawaida ina ugonjwa uleule mpaka leo, na bado kuna mafundi wanapandishia mafaili humo. Sisi tutatumia OpenSSH, programu ya SSH iliyotolewa mwaka 1999 na kundi la OpenBSD. Imo tayari kwenye Linux na Mac, na kwenye Windows 10 tangu matoleo ya 2018. Fungua PowerShell (Windows) au terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `ssh -V`. Ikikujibu kwa namba ya toleo, huna cha kushusha. Mwenye simu ya Android tu naye hajaachwa: aweke Termux (terminali ya simu), aandike `pkg install openssh rsync`, na amri za hapa chini zitakubali.

Hatua ya 1: Uliza kama kifurushi chako kina SSH

Vifurushi vya bei ya chini mara nyingi huja SSH ikiwa imezimwa. Ingia cPanel, tafuta sehemu ya Security, uone kama kuna "SSH Access". Isipokuwepo, waandikie watoa huduma. Waombe mambo matatu kwa mkupuo ili usirudi kila siku: wakuwashie SSH, wakupe jina la seva na poti, yaani namba ya mlango wake (ya kawaida ni 22, lakini wengi huibadilisha), na wakutumie alama ya utambulisho (fingerprint) ya seva, ile inayoanza na `SHA256:`. Hiyo ya tatu watu huisahau, na ndiyo tutakayoihitaji hatua ya 4.

Hatua ya 2: Tengeneza jozi ya funguo kwenye mashine yako

```
cd ~
mkdir .ssh
ssh-keygen -t ed25519 -f .ssh/duka -C laptop-ya-ofisini
```

Ukiambiwa folda ya `.ssh` ipo tayari, endelea na amri inayofuata. Maneno yaliyo baada ya `-C` ni lebo tu, lakini weka lebo inayoeleweka. Mwakani utashukuru ukiona "laptop-ya-ofisini" badala ya jina lisilo na maana.

Utaulizwa passphrase, yaani nenosiri la ufunguo wenyewe. Iweke, tena iwe ndefu. Hii haiendi kwenye seva. Inalinda faili la ufunguo hapo hapo kwenye diski yako, ili laptop ikiibwa mwizi asiingie moja kwa moja.

Sasa una mafaili mawili. `duka.pub` ni ufunguo wa umma, na `duka` ni ufunguo wa siri. Wa umma uuchukulie kama kufuli: unaweza kumgawia yeyote aliweke mlangoni kwake. Wa siri hautoki kwenye mashine uliyoutengenezea. Hautumwi kwa barua pepe, hauwekwi kwenye Google Drive, na hata watoa huduma wakikuomba "wakusaidie", hawapewi. Kijana wa picha naye akitaka kuingia, atengeneze jozi yake kwenye mashine yake.

Ndiyo maana sipendi kitufe cha cPanel kinachoitwa "Generate a New Key". Kinatengeneza jozi nzima kwenye seva, halafu wewe unashusha ufunguo wa siri kutoka huko. Unafanya kazi, sikatai, lakini umeanza maisha yake nje ya nyumba.

Hatua ya 3: Peleka ufunguo wa umma kwenye seva

```
cat .ssh/duka.pub
```

Utaona mstari mmoja unaoanza na `ssh-ed25519 AAAAC3Nza...` na kuishia na lebo yako. Ukiona maneno `BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY`, umefungua faili silo, lifunge. Nakili mstari wote, nenda cPanel: SSH Access, kisha Manage SSH Keys, kisha Import Key. Andika jina la ufunguo, bandika mstari kwenye kisanduku cha ufunguo wa umma, na visanduku vya ufunguo wa siri na passphrase uviache vitupu.

Kuna jambo linalowakwamisha wengi hapa. Kuingiza ufunguo hakutoshi. Rudi kwenye orodha ya funguo za umma, bonyeza Manage mbele ya huo wako, kisha Authorize. Bila hivyo seva inaujua ila haiukubali.

Kama hosti yako haina cPanel, mstari huohuo unaongezwa kwenye faili `~/.ssh/authorized_keys` huko kwenye seva, kila ufunguo mstari wake.

Hatua ya 4: Ingia kwa mara ya kwanza, polepole

```
ssh -i .ssh/duka dukani@seva.example.com
```

Weka jina lako la cPanel badala ya `dukani`, na jina la seva uliyopewa. Poti ikiwa si 22, ongeza `-p` na namba yake.

Seva itajitambulisha kwa alama ya SHA256 na kukuuliza kama unaendelea. Karibu kila mtu huandika `yes` bila kusoma. Usiandike. Hapa ndipo unapoweza kumgundua aliyejipachika kati yako na seva, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa. Chukua ile alama uliyotumiwa hatua ya 1 na uibandike hapo badala ya `yes`. OpenSSH kuanzia toleo la 8.0 italinganisha yenyewe, na zisipofanana haitakuruhusu kupita. Mara za mbele haitauliza tena. Siku ikipiga kelele kwamba `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`, waulize watoa huduma kama wamehamisha seva kabla hujafuta chochote.

Angalia pia unachoulizwa baada ya hapo. `Enter passphrase for key` ni mashine yako inayoomba kufungua ufunguo: mambo yako sawa. `dukani@seva.example.com's password` ni seva inayotaka nenosiri la akaunti, maana yake ufunguo haukukubaliwa. Usilijaze. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Fupisha amri

Fungua faili `.ssh/config` (halina kiendelezi, Notepad isikuwekee `.txt`) uandike:

```
Host duka
    HostName seva.example.com
    User dukani
    Port 22
    IdentityFile ~/.ssh/duka
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 30
```

Sasa `ssh duka` inatosha. `IdentitiesOnly` ni ya mwenye funguo nyingi: bila hiyo kompyuta hujaribisha zote, na seva huchoka na kukufungia kwa `Too many authentication failures`. `ServerAliveInterval` ni ya sisi tunaotumia intaneti ya simu, kwa sababu mitandao hiyo hukata muunganisho uliokaa kimya. Dirisha likiganda kabisa, bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta, litafunga.

Ukishaingia utakuwa ndani ya boma la akaunti yako tu. `sudo` (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi) haipo na programu huweki. Lakini nakala ya tovuti nzima unaichukua kwa mstari mmoja:

```
rsync -avzP duka:public_html/ nakala/
```

Bando likiisha katikati, ongeza bando na urudie amri ileile, itaendelea ilipoishia. Hifadhidata haimo humo, kwa hiyo itolee nakala yake peke yake. Kwenye Windows `rsync` haipo, tumia WSL (Linux ndani ya Windows). Anayependa kubonyeza badala ya kuandika amri atumie FileZilla, achague SFTP (kuhamisha mafaili kupitia SSH) na aielekeze kwenye ufunguo wake.

Ikikataa

`Permission denied (publickey)`: anza na Authorize. Ikiwa imeshafanyika, kagua ruhusa za mafaili kwenye seva. Folda ya `.ssh` iwe 700, `authorized_keys` iwe 600 (zote maana yake wewe peke yako), na folda yako kuu isiwe inaandikika na watu wengine. Seva huukataa ufunguo kimyakimya ikiona mlango uko wazi. File Manager ya cPanel inabadilisha ruhusa hizo, ukishawasha kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

`Connection refused`: mara nyingi umekosea poti.

`Connection timed out`, na jana ilikubali: hapa mafundi hupoteza nusu siku wakihangaika na funguo zisizo na kosa. Kwenye laini za simu, anwani moja ya IP hugawiwa watu wengi kwa pamoja. Mmoja wao akikosea nenosiri mara kadhaa kwenye seva hiyohiyo, ukuta wa ulinzi unaifunga anwani, nawe umo. Washa hotspot ya laini ya mtandao mwingine ujaribu. Ikikubali, tafuta anwani yako ya IP ya laini ya kwanza na uwatumie watoa huduma waifungue.

Yote hayo yakishindikana, `ssh -v duka` itakusimulia hatua kwa hatua ilipokwamia. Mstari wa `Offering public key` unaonyesha ufunguo gani umepelekwa, na mstari huo ndio wa kuwanakilia watoa huduma.

Mtu akiondoka

Manage SSH Keys, tafuta ufunguo wenye jina lake, Deauthorize, kisha ufute. Halafu badilisha lile nenosiri la cPanel la zamani, maana kwenye hosti ya kushirikiana (seva moja, wateja wengi) huwezi kulizima lisitumike kwa SSH, na aliyekuwa analo bado analo. Jipya abaki nalo mwenye duka.