Ploti karibu na uwanja wa ndege wa Mombasa: pima anga kabla ya kuchora ramani

Mzee mmoja wa Chaani alikuja ofisini kwangu na karatasi ya daftari aliyoichora mwenyewe: chini maduka, juu ghorofa 5 za kupangisha. Nilipomuuliza kama ameshaulizia urefu unaoruhusiwa, akacheka. "Mwanangu, ndege zapita juu, mimi najenga chini."

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kauli hiyo nimeisikia Magongo, Port Reitz, mpaka Mikindani. Basi nieleze ninavyofanya mimi kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Hatua ya 1: Jua uko upande gani wa njia ya ndege

Uwanja wa Moi, huo wa Mombasa, una njia mbili za kurukia. Ile ndefu ni 03/21, mita 3,350 hivi. Namba hizo ni mwelekeo wa dira uliokatwa sifuri ya mwisho: digrii 30 na digrii 210. Yaani ndege huja na kuondoka kwa mstari wa kaskazini mashariki na kusini magharibi. Fungua picha ya setilaiti, laza rula juu ya lami, vuta mstari pande zote mbili. Ploti iliyo chini ya mstari huo au jirani yake ina masharti tofauti kabisa na iliyo ubavuni, hata umbali ukiwa uleule. Ile njia fupi, 15/33, ifanyie vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Pata namba tatu

Hapa ndipo watu huharibu, na mimi niliharibu. Unataka koodineti za ploti (namba zinazoonyesha mahali ilipo), kimo cha ardhi yake kutoka usawa wa bahari, na urefu wa jengo mpaka ncha ya juu kabisa.

Koodineti ziwe za mfumo wa WGS84, ule unaotumiwa na GPS. Ramani nyingi za upimaji za Kenya zimechorwa kwa mfumo wa zamani, Arc 1960. Kwa macho namba zafanana, lakini ukisoma za mfumo mmoja kana kwamba ni za mwingine, ploti yahama takriban mita 300. Ombi langu la kwanza lilirudishwa kwa kosa hilo. Nilinakili kutoka ramani ya zamani, nyumba ya mteja wangu wa Magongo ikaonekana imekaa mtaa mwingine kabisa. Mpimaji aliponitazama hakusema neno, na ilitosha.

Kimo cha ardhi nacho kina mtego wake. Vifaa vya GPS vya upimaji, kabla ya kusahihishwa, hupima kutoka umbo la hesabu la dunia, na kwa pwani yetu jibu huwa chini ya kimo halisi kwa zaidi ya mita 20. Simama ufuoni Nyali, maji yamekufika vifundoni, kifaa kitakwambia uko ndani ya bahari. Ukiibeba namba hiyo ilivyo, ploti yako itaonekana iko chini kuliko ilivyo, nawe utajipa ghorofa ambazo huna. Mlipe mpimaji aliyesajiliwa, akutolee kimo kutoka alama rasmi ya upimaji.

Na urefu wa jengo hauishii slabu ya mwisho. Hesabu chumba cha ngazi, mashine ya lifti, tangi, ariali, fimbo ya radi, na mnara kama ni msikiti.

Hatua ya 3: Piga hesabu yako mwenyewe

Vipimo vyatoka Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Fikiria sinia limening'inia juu ya uwanja, na jengo lako lisilitoboe. Kwa viwanja vya ukubwa wa Moi, sinia liko mita 45 juu ya kimo cha uwanja na limetanda kilomita 4. Baada ya hapo ukingo wapanda kwa asilimia 5, kilomita 2 zaidi. Uwanja wetu uko mita 61 hivi juu ya bahari, kwa hiyo sinia liko mita 106. Ploti ya ubavuni yenye ardhi ya mita 60 ina mita 46 za kujengea. Raha tupu.

Sasa ihamishe ploti hiyohiyo mwisho wa njia ndefu, mita 1,500 kutoka ncha. Huko kuna mteremko wa kutua: waanza mita 60 nje ya ncha, na kila mita 100 wapanda mita 2 tu. Toa 60 kwenye 1,500, zidisha kwa 0.02, wapata mita 28.8. Kwa mfano, ncha ikiwa mita 55 juu ya bahari, dari yako ni 83.8. Toa ardhi yako, 60. Zimebaki mita 23.8.

Ile nyumba ya mzee, chini na ghorofa 5, slabu hadi slabu mita 3, ni mita 18. Chumba cha ngazi juu ya paa, 2.6. Kibao cha tangi, 1. Tangi lenyewe, 2. Jumla 23.6. Kimebaki kiasi cha shibiri moja, na kijana wake ashasema ataka ariali ya mita moja na nusu.

Usidhani ukiwa mbali umesalimika: mteremko huo wa kutua hufika kilomita 15.

Hatua ya 4: Peleka ombi

Hesabu yako ni ya kukuepusha na hasara ya kuchora mara mbili. Neno la mwisho ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013. Pelekea zile namba tatu, ramani ya mahali, na michoro ya pande za jengo yenye vimo kutoka usawa wa bahari. Wanaweza kukubali, kukupunguzia urefu, au kukupa sharti la taa nyekundu juu.

Barua yao si kibali cha kujenga. Kaunti, NEMA (mamlaka ya mazingira) na NCA (mamlaka ya ujenzi) bado wanakungoja.

Hatua ya 5: Kreni

Kreni hupita juu ya jengo lenyewe, kwa hiyo urefu wake uombewe ruhusa peke yake, hata kama itasimama wiki mbili. Slabu ya juu ikishamwagwa, mwite tena mpimaji. Mafundi huongeza kozi moja ya matofali bila kuuliza mtu.

Mzee wa Chaani alikata ghorofa moja. Tangi lake kubwa liko uani, pampu yapandisha maji alfajiri, na ariali imefungwa kwenye ukuta wa veranda.